Egzosi Iliyozuia Maziwa

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi sikuomba kelele. Nilimpelekea fundi pikipiki yenye egzosi iliyotoboka, nikamwambia aizibe. Basi. Sikusema aitoe, sikusema aweke nyingine, sikusema nataka kusikika hadi Minjila. Lakini fundi wangu wa Garsen ukimwambia jambo moja hufanya lile aliloliota usiku, na kijana yule, ambaye kwa mikono ni hodari kweli na kwa masikio ni bure kabisa, alikuwa ameiota egzosi mpya kwa muda mrefu. Alikuwa anangoja tu pikipiki ya kuipachika.

Kazi yangu ni kubeba maziwa. Kila kukicha natoka Garsen na mitungi minne iliyofungwa kwa mipira, naacha lami, naingia mbugani hadi kijiji kimoja cha wafugaji Waorma. Huko nachukua maziwa ya kina mama na kuyarudisha mjini kabla jua halijakaza, kwa sababu wenye hoteli hawataki maziwa yaliyoanza kuganda na wateja wao hawataki kunywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka minne. Siyapendi matope, siipendi miiba ya mti wa mathenge inayonitoboa magurudumu, wala sipendi kuulizwa na mama watoto kwa nini shati langu linanuka maziwa yaliyochacha. Ila kazi yenyewe naipenda.

Na kuipata hakukuwa rahisi. Mimi ni Mpokomo. Baba yangu alilima mahindi na ndizi kando ya mto, na nusu ya utoto wangu niliimaliza nikifukuza ng'ombe wa watu shambani kwa fimbo na matusi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia kijijini pale na mitungi mitupu, hakuna aliyenikimbilia kunipokea. Wanaume walinitazama wakaendelea na mazungumzo yao. Aliyenikubali ni mama mmoja mzee, mjane, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo huwezi kuamini inatoka kwenye mwili ule. Alinimiminia maziwa ya ng'ombe wake, kisha akawaambia wenzake maneno kwa lugha yao. Kesho yake kina mama wengine wanne wakaleta vibuyu. Nilikuja kuelezwa baadaye alichosema: kwamba nikiwa mtu mbaya, lawama ni yake yeye, wasimtafute mwingine.

Ng'ombe wake aliyenipa maziwa siku ile ni mwekundu, mkubwa, na ndiye hukamuliwa wa kwanza kila siku. Huo ndio utaratibu wa pale. Mama mzee anamfungulia ndama, ndama anavuta kidogo, kiwele kinalegea, ndama anafungwa karibu na miguu ya mbele ya mama yake ili amrambe, na mama mzee anaanza kukamua huku akimwimbia. Wimbo wenyewe ni mfupi, wa kurudiarudia, na jina la ng'ombe limo ndani. Yule mwekundu akiteremsha maziwa, wale wengine wanatulia na wao wanateremsha. Akigoma, zizi zima linagoma. Sijui kwa nini iko hivyo, na nilipouliza niliambiwa kwamba hata kwa watu iko hivyo.

Pikipiki yangu ilikuwa imeingia katika utaratibu huo bila mimi kujua. Mlio wake ulikuwa wa chini, wa kukohoakohoa, na kina mama walikuwa wakiusikia ninapovuka bonde la mwisho kabla ya kijiji ndipo wanaanza kufungua ndama. Mimi ndiye niliyekuwa saa yao. Mama mzee aliniambia zaidi ya hapo: eti ng'ombe mwekundu akinisikia anaanza kudondosha maziwa kabla hata ndama hajamfikia. Nilidhani ananitania. Siku moja nilifika mapema nikamwona mwenyewe amesimama, masikio mbele, maziwa yanatoka tone moja moja yakianguka mavumbini, na nikajisikia mtu wa maana kuliko siku yoyote tangu nioe.

Kisha mto ukafurika. Kwa wiki kadhaa nilipita kwenye maji yaliyofika magotini, na egzosi ikanywa tope hadi ikaoza kwa chini. Maji yalipopungua ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na moshi wa moto ukawa unanichoma kifundo cha mguu. Ndiyo sababu nikaenda kwa fundi, na ndiyo sababu nikasema aizibe.

Aliizunguka pikipiki mara mbili kama daktari. Akaigonga egzosi kwa spana, ikatoa kutu. "Mzee, hii imekufa. Hii hata ukichomelea inafungukia kando," akasema. Nikamwambia achomelee tu, nitaona mwenyewe itakapofungukia. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akanitolea simu, akanionyesha video za vijana wa Mombasa wakizungusha mafuta pikipiki ikitema miale, akaniambia hata wa Hola siku hizi wanaweka hizo. Nilimwambia mimi nabeba maziwa, si mashindano. Nikaacha pikipiki kwake nikaenda kanisani kwenye kikao cha ujenzi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza, kwa sababu mtu hapaswi kumwacha fundi peke yake na pikipiki na ndoto.

Niliporudi ile ya zamani ilikuwa chini tayari. Bolti mbili za kwenye silinda zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazikata kwa msumeno, kwa hiyo hata ningetaka kugeuka nyuma pasingekuwa na pa kugeukia. Ile mpya ilikuwa fupi, nene, ya rangi ya buluu kama shingo ya njiwa, imechorwa ndimi za moto ubavuni. Haikuwa ya pikipiki yangu. Haikuwa ya pikipiki yoyote niijuayo. Kikamatio chake hakikukaa, akakitengeneza kipya kwa chuma cha kitanda. Gasketi ya kuziba maungio hakuwa nayo, akakata bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, akalikunja mara mbili, akalibana. Kisha, na hapa ndipo ninapomkasirikia hadi leo, akatia koleo ndani ya bomba akavuta kile kikombe chenye vitundu kinachopunguza kelele, akakitupa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kinaibana pumzi.

Akaiwasha. Sitawaelezea. Kuku wa hoteli ya jirani waliingia ndani ya hoteli. Watu wa stendi ya bodaboda walisimama wote, wakaja, wakatuzunguka, na mmoja akanipigia saluti. Fundi akanipa mkono wa mafuta akaniambia nijaribu mwenyewe. Nilizungusha. Na kwa kuwa haya ni maisha yangu na nimeamua kuyasema, nitasema kweli: nilizungusha tena. Nilipita barabara kuu ya Garsen kutoka mwisho hadi mwisho, mzee wa miaka arobaini na sita na mitungi ya maziwa nyuma, na nilifurahi. Furaha hiyo ilidumu hadi asubuhi.

Asubuhi niliingia mbugani kama kawaida. Nilipovuka bonde sikuona kitu. Nilipokaribia zizi niliona vumbi. Ng'ombe walikuwa wanakimbia huku na huku ndani ya boma la miiba, ndama wamejichanganya, kina mama wanapiga mayowe ya kuwatuliza, na ng'ombe mwekundu alikuwa ameshapiga teke kibuyu na mkono uliokishika. Maziwa yalikuwa chini. Mama mzee alikuwa amekaa vilevile alivyokuwa amekaa, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, ananitazama. Nikazima injini. Ule ukimya uliofuata ulinifanya nitamani kurudi tena kwenye kelele.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Alisema tu, kwa Kiswahili chake ambacho "ana" na "una" zote ni "na": "Hii ng'ombe najua wewe. Leo nasikia mtu ingine."

Siku ile nilirudi na mtungi mmoja, haukujaa. Siku ya pili nilikuja polepole, gia ya chini, mafuta kidogo. Haikusaidia; ile egzosi ukiipunguzia mafuta inapiga mabomu. Ng'ombe mwekundu alinisikia nikiwa bado mbali, akanyanyua kichwa, akakaza. Mama mzee aliimba wimbo wote, akaurudia, akambadilishia ndama upande, na alichopata hakikutosha kulowesha sehemu ya chini ya kibuyu. Wale wengine wakagoma pia. Siku ya tatu nilizima kabla ya bonde, nikasukuma. Hata hivyo walikuwa wamenisikia tangu lami.

Mama mmoja kati ya wale wanne, ambaye hakunipenda sana tangu zamani, akasema kuna mbebaji mwingine anayetoka Minjila na gari dogo lisilo na kelele. Alilisema kwa Kiswahili makusudi ili nisikie. Mama mzee alimjibu kwa lugha yao. Kisha akanieleza mimi jambo lililonikata maini. Ng'ombe akikaa hivyo siku nyingi, maziwa yanarudi mwilini, na yakisharudi hayashuki tena mpaka azae upya. Kule kwake kuna wajukuu watatu wanaoishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo kabla mimi sijapata hata tone. Na aliyesema lawama ni yake alikuwa yeye. Ng'ombe yule akikauka, sina uso wa kukanyaga pale tena, na yeye hana uso mbele ya wenzake.

Nilirudi Garsen nikiwa nimechemka. Nikamwambia fundi anirudishie egzosi yangu ya zamani, mbovu vilevile, na tundu lake. Akacheka. Akaniambia kinachong'olewa gereji ni cha fundi, mimi sijui? Kweli najua. Ni desturi ya Garsen nzima: ukibadilisha tairi, la zamani halirudi nawe, ukibadilisha cheni, ya zamani ni ya fundi. Nilikuwa nimesahau kuuliza, na desturi haingoji uulize. "Iko wapi basi?" Akasema ameshaiuza Kilelengwani, kwa mkulima mwenye pampu ya maji.

Nilienda Kilelengwani. Siku nzima ya kazi ilipotea. Nilimkuta mkulima shambani kwake, mzee mpole, mtu wa kanisa kama mimi, na pampu yake ikivuta maji kutoka mtoni taratibu kabisa, na pale ubavuni, imechomelewa, imepakwa rangi nyeusi, ilikuwa egzosi yangu. Ile iliyokuwa imekufa. Ile ambayo ukichomelea inafungukia kando. Ilikuwa imechomelewa vizuri mno, nikaipapasa, tundu halionekani hata kwa kutafuta. Mzee akaniambia zamani pampu ilikuwa inamtia wazimu, sasa anamshukuru Mungu anasikia hata ndege. Akanikaribisha muhogo. Ningemwambia nini? Nikala muhogo, nikausifu, nikaondoka, na ile kelele yangu ikafukuza ndege wote aliokuwa anawasikia.

Kwa wiki iliyofuata nilikuwa mtu wa kuhangaika. Fundi alikuwa amekitupa kile kikombe cha ndani na hakijulikani kilipo, kwa hiyo kila mtu alikuwa na ushauri. Nilijaza ndani ya bomba ile waya ya kusugulia sufuria, vifurushi sita. Kelele ilipungua kwa siku moja, kisha waya ikatoka vipande vipande ikimwagika njiani inang'aa. Jamaa mmoja wa Kipini, anayeleta samaki, akaniapia kwamba makumbi ya nazi ndiyo dawa; kwao wanaziba nayo kila kitu. Nilichambua makumbi, nikayasokota, nikayashindilia kwa kijiti. Na kweli, nilitoka nyumbani kimya. Nilijipongeza njia nzima hadi kituo cha mafuta. Pale ndipo makumbi yalipopata moto, egzosi ikaanza kutema vipande vyekundu, na dada wa pampu akanifukuza kwa ufagio kabla sijazima. Sijawahi kufukuzwa na mwanamke kwa haki namna ile.

Mama watoto, kusema kweli, hakunisaidia. Alisema mlio una faida zake: sasa anajua niko Minjila, anaweka chai jikoni, na nikifika iko tayari. Watoto wakawa wanauiga mezani. Nikamwambia ng'ombe wa watu anakauka. Akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe, na akili zangu zote, sikuwa nimejiuliza: kwani miguu yangu ina nini?

Basi nikaanza kuegesha lami. Kuna mama anauza mahamri pale kwenye njia panda, nikawa namwachia pikipiki. Kutoka hapo hadi kijijini ni mwendo wa saa nzima ukiwa mikono mitupu, na kurudi na mitungi iliyojaa ni zaidi. Nilipata mti wa kubebea mabegani kama wachota maji. Nilitembea nikinung'unika. Nilimnung'unikia fundi, nikayanung'unikia makumbi, nikainung'unikia Serikali kwa sababu ya barabara, na nilipomaliza wote nikabaki na mimi mwenyewe, ambaye nilizungusha mara ya pili.

Zizi likatulia. Ng'ombe wa wale kina mama wengine wakaanza kuteremsha, kwanza kidogo, kisha kama zamani. Isipokuwa mwekundu, na kwa mara ya kwanza zizi halikumfuata. Alikuwa mtulivu mpaka mimi nifike. Nikikaribia tu, hata bila kusema neno, ananusa, anageuza kichwa, anakaza kiwele. Mama mzee aliniambia nisogee nyuma. Nikasogea. Akaniambia nisogee upande wa pili wa upepo. Nikaenda. Ng'ombe akalegea. Akaniambia nirudi. Nikarudi, ng'ombe akakaza. Tulifanya hivyo mara tatu, kina mama wote wanatazama, na sijui kama mmewahi kuzungushwa na ng'ombe mbele ya hadhara.

Mama mzee akasimama, akanisogelea, akaninusa. Shingo, mikono, shati. Mwanamke wa umri wa mama yangu akininusa mchana kweupe kama mtu anayenunua samaki. Nikasimama wima sijui niweke wapi macho. Akasema: "Wewe nanuka pikipiki. Yeye nasikia ile kelele kwa pua."

Nilimwambia nimeoga. Akasema kuoga si kitu. Vibuyu vyao vya maziwa wanaviosha pia, lakini haviwi safi mpaka vifukizwe. Unachukua kijinga cha moto cha mti fulani wenye harufu nzuri, unakitia ndani, unafunika, unatikisa, na moshi unaua kila harufu nyingine. Bila hivyo maziwa yanaharibika. Alikuwa ameshaamua. Alikokota chungu cha makaa hadi kivulini, akatupia vijiti, akaniambia nivue shati nikae juu ya gogo, akanifunika na shuka lake zito kuanzia kichwani.

Nilikaa mle ndani kama maandazi. Machozi yalinitoka, kifua kikabana, nikakohoa. Nje kina mama walicheka, wakaacha, wakacheka tena. Yule asiyenipenda alicheka zaidi ya wote, na nilimsikia akisema kitu kilichowafanya waanze upya. Nilikuwa nimekasirika sana. Nilikuwa na umri wa kuwa na mkwe karibuni, nimesoma hadi kidato cha nne, mzee wa kanisa, na nilikuwa ninafukizwa kama kibuyu kwa sababu ya kijana mmoja wa Garsen asiyejua kuziba tundu. Nikawaza kuinuka, kuchukua mitungi yangu, kwenda zangu. Huyo wa Minjila aje, afukizwe yeye.

Lakini nilikaa. Nilikaa kwa sababu nilikumbuka yule mama alivyoushika mkono wake siku ya kwanza, na jinsi ambavyo hakunigombeza.

Aliponifunua nilikuwa nanuka moshi hadi kwenye meno. Shati langu lilikuwa limetundikwa juu ya makaa hayohayo, nikalivaa lina joto. Hakunipa nafasi ya kupumzika. Alinipa kamba ya ndama, akanionyesha pa kusimama: mbele, karibu na kichwa cha ng'ombe, pale ambapo hawezi kunikwepa. Ndama alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, alinivuta mpaka nikapiga goti. Ng'ombe mwekundu akashusha kichwa. Akaninusa nywele. Akapumua ndani ya sikio langu kwa muda mrefu, pumzi ya moto, na mimi sikutikisika, nilikuwa naogopa pembe. Kisha akaanza kumramba ndama, na ulimi wake ukapita na mkono wangu pia, mara moja, kwa bahati au kwa makusudi.

Nyuma yangu mama mzee alikuwa ameanza kuimba. Sauti ya maziwa kwenye kibuyu mwanzo ilikuwa ya mtu anayemwaga kidogo kidogo, halafu ikawa ya mfululizo. Nilikuwa nimepiga goti kwenye samadi, moshi machoni, nikafurahi kuwa na kisingizio cha machozi.

Hapo ingefaa iishie. Lakini mimi bado nilikuwa na hasira na ile egzosi, na hasira yangu ina tabia ya kufanya kazi hata isipohitajika. Nilimtuma dereva wa lori Malindi akaniletea egzosi halali, ya pikipiki hasa ya aina yangu, mpya, bado ndani ya karatasi yake. Nikasimama juu ya fundi kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimletea gasketi mwenyewe. Nilimkataza kutia koleo ndani. Alifunga kwa huzuni, kila nati akiguna, na tulipoiwasha alitega sikio akaniuliza kama imewaka kweli. Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Ile ya ndimi za moto nilimwambia abaki nayo, ni desturi.

Kesho yake sikuegesha lami. Niliingia mbugani juu ya pikipiki kimya kuliko zote za Garsen, nikavuka bonde, nikaenda hadi mbele ya zizi. Ng'ombe hawakukimbia. Hata ndama hawakugeuka. Nilishuka kama bwana harusi. Mama mzee alikuwa tayari anakamua, na nikaona ng'ombe mwekundu akinyanyua kichwa, akiitazama pikipiki, kisha akinitazama mimi. Sauti ya maziwa ikakatika.

Nikaeleza. Nikasema hii ni mpya, haina kelele, asikilize mwenyewe. Nikaiwasha kumwonyesha, nikazima. Mama mzee alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu yote. Kisha akaniambia nikaiache lami, nirudi kwa miguu, nipitie kwenye makaa, nije nishike ndama. Nikamwuliza kama anajua nimehangaika kiasi gani kuipata egzosi ile. Akasema hilo anajua, lakini ng'ombe hajui.

Niliirudisha. Njia nzima nilisema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasema, na hakuna aliyeyasikia kwa sababu pikipiki haina sauti. Niliporudi kwa miguu, nikafukizwa, nikashika ndama, ng'ombe mwekundu akateremsha. Lakini nilikuwa nimeshaanza kukijua kibuyu kile kwa macho, na nikaona kwamba kila siku maziwa yanafikia mahali pamoja, kiunoni, hayapandi. Zamani alikuwa anakijaza hadi shingoni. Kina wajukuu wananywa ya kiunoni, na mimi kwa ng'ombe yule napata kikombe tu, ambacho najua mama mzee ananipa kwa kujinyima.

Siku moja nilimwuliza waziwazi. Kelele hakuna, harufu hakuna, nimetembea, nimefukizwa, anataka nini tena? Mama mzee alipangusa chuchu za ng'ombe kwa kitambaa, akainuka akishikilia mgongo wake.

"Hii ng'ombe nasamehe nusu," akasema.

Nikamwuliza hiyo nusu nyingine itakuja lini. Akaniambia hilo si lake, nimwulize mwenyewe. Basi kila asubuhi napiga goti na ndama mkononi, yule ng'ombe ananipumulia sikioni, na mimi, mtu mzima, namwuliza.